Mtani Hatoki Kaburini Bure

Ferdinandi Manirambona siku hizi ananiita Bwana Mustafa. Wanaosikia wanadhani ni heshima. Hata mke wangu, Ummy, alisema, "Si afadhali? Mmekuwa watu wazima, ulitaka akuite mpagazi mpaka lini?" Nikamwambia anyamaze, hajui anachosema, nikatoka nikakaa barazani mpaka chai yangu ikapoa ndani. Baadaye nilimwomba radhi. Hasira haikuwa juu yake, ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Ngoja nieleze tangu mwanzo, na mtu asinikatize. Habari hii yote ni ya maneno yaliyokatwa, kwa hiyo haya angalau niacheni niyaseme mazima.

Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora mjini, mtoto wa fundi cherehani. Miaka kumi na tisa nimekuwa mwandishi wa Upeo TV katika mkoa huu: kamera yangu, pikipiki yangu, na wakubwa wangu wako Dar es Salaam. Miaka sita ya mwisho nilikuwa na kipande changu mwishoni mwa taarifa ya habari ya Jumamosi, kinaitwa Mzigo wa Wiki. Naingia nimejitwisha bunda kichwani kama wapagazi wa zamani, wale waliopita hapa kwetu na misafara kwenda pwani. Natua, nafungua, natoa kitu kimoja kimoja, na kila kitu nakisemea neno. Nikitoa ndoo iliyotoboka, hiyo ni ahadi ya maji. Nikitoa kiatu kimoja, hiyo ni barabara iliyojengwa upande mmoja ikaachwa. Watu walicheka. Nikipita sokoni wauza asali waliniita, "Mpagazi, wiki hii umembeba nani?" Nami nilipenda, kwa nini niseme uongo. Nilipenda kuliko mshahara.

Na utani nimezaliwa nao. Siku hizi mtu akishatukana anasimama na kusema, "Nilikuwa natania." Ebo, unatania na nani, nani kakupa ruhusa? Utani una wenyewe. Sisi watani wetu ni Wagogo, Wazaramo na wengine wa njia ile ya misafara, na marehemu baba alinieleza sababu. Wale ndio waliotembea na babu zetu, wakalala njaa pamoja, na mtu akifia porini mwenzake ndiye aliyemfukia. Mliozikana njiani mnaweza kuambiana lolote. Ndiyo maana kwetu mpaka leo, kwenye msiba, mtani huingia kaburini kabla ya maiti, akalala chali, akasema hatoki, marehemu alikuwa mlafi, akatafutiwe shimo lingine. Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Wanampa kuku, au chochote walicho nacho, ndipo anatoka. Mtani hatoki kaburini bure. Akitoka bure wazee wanaguna, wanasema huyo aliyezikwa hakuwa na watu.

Ferdinandi hakuwa na mtani. Ni mkulima wa tumbaku upande wa Urambo, mtu mrefu, mpole, nguo zake zote zinanuka moshi wa bani wanamokaushia majani. Asili yao ni Burundi. Mama yake, Mama Spesioza, alimleta mgongoni mwaka sabini na mbili, wakakaa Ulyankulu, baadaye wakahamia Urambo, na uraia wakapewa na karatasi zake wanazo. Nilikutana naye miaka kumi na mbili iliyopita, pikipiki iliponiharibikia nikitoka kupiga picha za soko la tumbaku. Alinisaidia kuisukuma mpaka kwake, giza likatukuta, nikalazwa hapo. Tulikuwa tunakula matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga aliponiambia jambo ambalo mimi, kwa miaka yangu yote, sikuwahi kulifikiria.

"Wiki iliyopita tulimzika jirani," alisema. "Watani wake wakaja, wakafanya vituko vyao, tukacheka. Mzee mmoja akaniuliza, na wewe Ferdinandi, siku yako ikifika mtani wako nani? Nikakosa jibu. Nina shamba, nina karatasi ya uraia, nina kadi ya chama cha wakulima. Mtani sina."

Mama Spesioza alikuwa pembeni akimenya karanga. "Sisi tunazikwa kimya," alisema, "kama watu wanaofukia kitu cha wizi."

Nikawaeleza kwamba utani hauombwi, unarithiwa, ni wa watu waliotembea njia moja. Yule mama akaweka ungo chini. "Kama ni kutembea, mwanangu, mimi nimetembea. Siku kumi na moja kutoka Bururi, huyu mgongoni, mkeka mmoja kichwani. Na niliowazika njiani niliwazika."

Nikamgeukia Ferdinandi. "Wewe mkimbizi," nikamwambia, "hivi hujarudi kwenu tu?"

Stela, mke wake, alikuwa anaingia na maji ya kunawa, akasimama mlangoni. Ferdinandi aliniangalia, nikaona neno limemwingia na linatafuta pa kukaa. Kisha akasema taratibu, "Nitarudije, mpagazi, na wewe hujaja kunibebea mizigo?"

Mama Spesioza alicheka mpaka akashika ubavu. Akasema basi ndiye mimi nitakayelala kaburini mwake siku ikifika, na kuku wangu atakuwa mweupe, atamfuga mwenyewe. Na kweli, tangu siku hiyo kuku mweupe hakukosekana pale nyumbani. Mmoja akizeeka anatafutwa mwingine. Kila nikienda, nikishampa shikamoo, ananionyesha kwa kidole. "Marahaba. Kuku wako yule pale, usije ukachelewa."

Basi mwaka wa uchaguzi ukafika, na Ferdinandi akagombea udiwani wa kata yao. Mpinzani wake alikuwa Renatus, mfanyabiashara wa tumbaku, mtu wa maneno matamu na rafiki wa wenye Upeo TV. Mimi si mtoto mdogo, nilijua taarifa yetu ya habari inaelemea wapi. Renatus akifanya mkutano alipewa dakika tatu na sauti yake. Ferdinandi akifanya mkutano wenye watu wengi kuliko ule, tulionyesha vumbi na kisogo chake, na msomaji akasema, "Wagombea wengine nao waliendelea na kampeni." Nilipima kwa saa ya simu wiki mbili mfululizo. Nikacheka peke yangu, nikanyamaza. Nilijiambia kwamba kazi yangu ni Mzigo, mambo ya habari yana wenyewe.

Siku moja Julieth, mhariri wetu wa Dar es Salaam, akanipigia. "Kaka Mustafa, Jumamosi hii tunataka Mzigo kutoka Urambo. Mchekeshee yule mkulima anayegombea."

"Na Renatus?"

"Renatus tutampanga wiki nyingine."

Nikampigia Ferdinandi, na mwenzangu alifurahi kuliko mimi. "Njoo unitanie hadharani," alisema. "Waone kuwa nina mtani. Nikitaniwa na Mnyamwezi mbele ya watu, nani tena ataniita mgeni?" Udiwani aliutaka, sikatai. Lakini zaidi ya udiwani alitaka hilo, watu wa kata ile wamhesabu kuwa wa kwao, na mama yake alione kabla hajafumba macho. Hakunificha. Nami nikamwambia, "Tulia, hilo niachie mimi."

Alhamisi tukakutana pale wanaponunulia tumbaku, watu wamejaa. Nikaja na mzigo kichwani, jasho linanitoka. Nikautua mbele yake, nikafungua, nikatoa mkeka. Nikapaza sauti, "Wewe mkimbizi, hujarudi kwenu tu? Ulikuja kwetu na mkeka mmoja, leo unataka kata nzima?"

Watu wakatulia. Wengine waliangalia chini. Ferdinandi aliinamisha kichwa, akatabasamu, akasubiri. Yule bwana anajua kusubiri. Kisha akainua uso. "Mpagazi, nani kakutwisha leo? Babu zako walibeba pembe za wenyewe mpaka pwani, wakarudi na shanga. Naitaka hii kata nikujengee kibanda, na wewe uwe na mahali pa kutua."

Jamani, watu walicheka. Walicheka mpaka wapimaji wakaacha mizani. Bibi mmoja alitoka kwenye kundi akampiga Ferdinandi begani, akasema, "Huyu umemweza," na simu ya Ferdinandi ikamchomoka mkononi ikapasuka kioo, nayo ikawa sababu nyingine ya kucheka. Kamera yangu ilikuwa juu ya miguu yake mitatu na ilichukua yote. Dakika sita na nusu, na kicheko kile kilikuwa cha Ferdinandi chote.

Ijumaa niko nyumbani nahariri, Julieth akapiga tena. "Dakika moja na nusu tu, kaka. Matangazo yamejaa. Na usimwache aongee sana, ameshapata muda wake."

Muda upi alioupata, sikuuliza. Na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana watu wanapenda kusema ni watu wa Dar. Watu wa Dar hawakugusa kitu. Nilikata mimi, kwa mkono huu. Nilitoa salamu, nikatoa vumbi, nikatoa yule bibi. Bado ni ndefu. Nikabaki na neno langu na jibu lake, na kimoja lazima kitoke. Niliyasikiliza yote mawili mara nyingi. La kwake lilikuwa tamu kuliko langu. Wallahi hilo ndilo lililoniuma. Miaka sita mimi ndiye mchekeshaji wa mkoa huu, halafu mkulima wa tumbaku anizime kwenye kipande changu mwenyewe?

Nikalitoa la kwake. Lakini bila jibu, neno langu lilibaki na ule ukimya, watu wameangalia chini, halichekeshi hata kidogo. Basi nikakichukua kile kicheko, nikakisogeza nyuma, nikakibandika baada ya neno langu. Ikawa hivi: mimi nasema umekuja na mkeka mmoja, umati unaangua kicheko, na Ferdinandi anainamisha kichwa na kutabasamu kama mtu aliyeumbuka. Ikakaa vizuri sana. Niliiangalia mara mbili, nikajisifu.

Nilimtumia hata mwenyewe kwenye simu. Niliandika, "Mkimbizi, unaonaje?" Ikatokea tiki moja, haujamfikia, maana simu yake ilikuwa kwa fundi na yeye alikuwa anatumia kitochi cha kupigia tu. Nikasema kama hapendi atanipigia. Nikatuma Dar.

Jumamosi tulikaa sebuleni kuangalia, mimi na Ummy. Nilikuwa nimezoea kumwangalia yeye badala ya televisheni, nione anacheka wapi. Siku hiyo hakucheka. Kipande kilipoisha aliniuliza, "Na yeye alikujibuje?"

"Muda uliisha," nikasema.

"Kwa hiyo umemwita mwenzako mkimbizi, ukaondoka?"

Nikamwambia yeye hajui mambo ya televisheni. Nikaenda kulala.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha. Jumatatu kile kipande kilikuwa kwenye simu ya kila kijana wa Renatus. Kwenye mikutano yao msemaji hakuhitaji kusema mengi, alisema "mkeka" tu, umati ukamalizia. Ferdinandi alipopita njiani watoto walimuuliza kama ameshakunja. Na Jumatano alfajiri mtu asiyejulikana aliweka mkeka mlangoni kwake, umekunjwa vizuri, umefungwa kwa kamba ya tumbaku.

Aliyeuona kwanza ni Mama Spesioza, yeye huamka kabla ya wote. Hakupiga kelele. Alirudi ndani, akafungua sanduku, akatoa karatasi yake ya uraia, akaifunga kwenye pindo la kanga. Akavaa viatu, akakaa kwenye kigoda nje. Stela alipotoka na kumuuliza kulikoni, alimjibu, "Wametuletea mkeka. Lori linakuja saa ngapi?"

Stela ndiye aliyenisimulia hayo, siku nilipokwenda. Alinisimulia huku anafagia, haniangalii. Nikamfuata Ferdinandi kwenye bani. Njia nzima kutoka Tabora nilikuwa nimekusudia kumwambia ukweli. Nilipomwona amekaa chini, mikono juu ya magoti, ukweli ukarudi tumboni.

"Ni watu wa Dar, ndugu yangu," nikasema. "Mimi niliwapelekea yote."

"Najua," alisema. "Wewe huwezi kunifanyia hivyo."

Afadhali angenipiga kofi. Keshokutwa yake alikuwa na mkutano wake wa mwisho, mkutano wa kuombea kura. Nilikuwepo na kamera. Alisimama, na kabla hajasema habari ya maji wala ya barabara, alianza kunitetea mimi. Aliwaambia watu wasimlaumu Mustafa, Mustafa ni mtani wake wa halali, waliomkata maneno ni wengine walio mbali. Alitumia karibu nusu ya muda wake hapo. Nilikuwa nyuma ya kamera, jicho moja limefumba, lile lingine halioni vizuri.

Renatus alishinda. Sisemi ni kwa sababu yangu peke yangu, Renatus alikuwa na magari na vipaza sauti. Lakini siwezi pia kusema si kwa sababu yangu.

Siku tano baada ya matokeo Ferdinandi alikwenda kuchukua simu yake kwa fundi. Ujumbe wote wa siku zile ukaanza kushuka, na wangu ukiwemo, na kile kipande kiko hapo kimekatwa tayari, kimetumwa na Mustafa, Ijumaa, siku moja kabla watu wa Dar hawajakionyesha. Ile tiki moja nilikuwa nimeisahau kabisa. Nilikumbuka zilipokuwa mbili, halafu zikageuka bluu. Nilikaa na simu mkononi tangu asubuhi. Alasiri ndipo alipojibu.

"Nimeona. Asante, Bwana Mustafa."

Hiyo ndiyo mara ya kwanza kuniita hivyo. Nilimpigia, akapokea kwa adabu, akaniuliza hali ya nyumbani, akamuulizia Ummy, akasema ana kazi. Nilimwomba Julieth turushe zile dakika sita na nusu kama zilivyo. Alisema, "Uchaguzi umeisha, kaka. Nani ataangalia?" Nikamuuliza habari ya wiki nyingine ya Renatus. Akasema mtandao unakatika, hanisikii. Mwisho wa mwezi ule niliandika barua ya kuacha Mzigo, nikabaki na habari za kawaida, mvua na ajali na ziara za viongozi. Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu mimi hayakungoja hata nioze mtoto.

Mwezi wa pili, mvua zimeshika, Stela alinipigia. "Mama ametutoka," alisema. "Ferdinandi hajanituma. Nimepiga mimi, kwa sababu mama alikuwa anasema mtani wake ni wewe."

Nilipanda basi la kwanza la Urambo. Njiani nilikuwa natengeneza maneno ya kusema kaburini, nilikuwa nayatengeneza kwa miaka kumi na mbili bila kujua. Nilikuwa nimepata zuri. Ningelala mle shimoni, ningesema, "Wewe bibi mkimbizi, ardhi ya Wanyamwezi hukutosheka nayo ya juu, sasa unaitaka na ya chini?" Angecheka yule mama. Angeshika ubavu.

Nilimkuta Ferdinandi amesimama na wanaume kwenye turubai. Alinipa mkono. "Karibu, Bwana Mustafa. Pole kwa safari." Akaagiza niletewe kiti na soda, nikawekwa mstari wa wageni, pembeni ya mwalimu mkuu. Nilikunywa ile soda kwa mrija kama mgeni rasmi. Jirani mmoja akanielezea kwamba mama alifariki usingizini, na walipomwosha walikuta pindo la kanga limekazwa fundo hata halifunguki. Wakakata kwa kisu. Ndani ilikuwa ile karatasi. Tangu siku ya mkeka hakuwahi kuifungua.

Katekista alisoma, tukaimba, tukaenda kaburini. Shimo lilikuwa tayari, udongo mwekundu, maji kidogo chini. Walipotaka kushusha jeneza mzee mmoja akainua fimbo. Nadhani ni yule yule aliyemuuliza Ferdinandi zamani, sikuwahi kuthibitisha. "Ngojeni kwanza," alisema. "Mtani wa huyu mama yuko wapi?"

Watu wakatazamana. Ferdinandi aliangalia shimo. Nami sikungoja kuitwa, nilivua viatu, nikaruka ndani, nikalala chali kwenye lile tope.

Kutoka mle chini unaona mbingu kidogo na vichwa vingi. Nilifungua mdomo. Lile neno nilikuwa nalo hapa kwenye ulimi. Wewe bibi mkimbizi. Nikaona vijana wawili wameinua simu zao wananirekodi. Nikaona pindo la kanga lililokatwa, Stela amelishika mkononi. Nikatafuta neno lingine. Miaka yote hiyo ya kuchekesha watu, nikatafuta neno moja tu la kumtania yule mama ambalo sijalichafua, sikulipata.

Ferdinandi alisogea mpaka ukingoni. Aliniangalia, halafu akainamisha kichwa, akasubiri, kama alivyosubiri siku ile kwenye mizani. Mpaka leo sijui alikuwa ananisubiri mimi au alikuwa anamlilia mama yake tu. Nilisikia mtu anakohoa. Nilisikia mvua inaanza kwenye migomba. Sikusema.

Mwisho akachutama, akanyoosha mkono wake chini. "Toka, Bwana Mustafa," alisema kwa upole. "Utachafuka."

Mtani angejibu, sitoki, nilipe kwanza. Mimi niliupokea mkono wake, nikapanda. Wazee wakaguna. Mama Spesioza akashushwa, akafukiwa, kimya.

Sikukaa kula. Nilipita uani kwenda barabarani, tope limenikauka mgongoni. Kwenye nguzo ya jiko palikuwa na kuku mweupe, amefungwa mguu, ameshiba vizuri, ameandaliwa. Stela alikuwa amesimama hapo. Alinitazama, akamtazama kuku, akasubiri niseme. Nikamwambia poleni sana na msiba, nikapita.